Familia ya Mbagala: meli ya Sele

*Jumatano*

Zuhura 19:04
Asalaam alaykum wanafamilia. Narudia mara ya tatu. Maonyesho ya shule kwa Sele ni Jumamosi saa 2 asubuhi. Meli iko Mbagala, shule iko Upanga. Nani anaibeba?

Zuhura 19:05
Na kasha la kioo, fundi anataka 45,000. Tumeni kwangu, pamoja na ya kutolea.

Zuhura 19:31
Naona tiki za bluu. Mmesoma watu 14.

Idrisa 19:40
Waalaykum salaam dada. Ni hii meli inayokwenda Zanzibar? 😂

Rehema 19:41
😂😂😂

Zuhura 19:41
Idrisa usinianze.

Sele 19:52
Shikamooni. Baba mdogo, Zanzibar ilikwenda kweli. Ni Königsberg, manowari ya Wajerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, halafu ikarudi kujificha kwenye mikoko ya Rufiji. Julai 1915 ikapigwa sana, wenyewe wakaizamisha. Yangu ni ya karatasi, 1 kwa 250. Ya kweli ilikuwa mita 115 na ushee, yangu imetoka sentimita 46.

Idrisa 19:55
Sentimita 46 ndiyo tunaitafutia gari? Si unapanda nayo mwendokasi umeitia kwapani.

Sele 19:58
Haiwezekani. Milingoti ni njiti za mishikaki, kamba zake ni uzi mweusi wa kushonea. Nimegandisha moja moja kwa kibanio cha nyusi. Ukigusa mmoja zinalegea zote. Wiki ile ya mvua deki ilivuta unyevu ikapinda kama ndizi, nikaibandua, nikakata mbavu upya kwa manila ngumu.

Rehema 19:59
Kibanio cha nyusi cha NANI?

Sele 20:03
Samahani dada. Kina gundi kidogo tu.

Mama Sele 20:20
Wifi mimi Jumamosi niko zamu, nimeomba kubadilishana wamekataa. Sele, mmoja wa mizinga yake si ndio ule tuliopiga nao picha Fort Jesus, Mombasa?

Sele 20:22
Ndio mama. Ilikuwa nayo 10. Baada ya kuzama waliitoa majini wakaenda kupigana nayo nchi kavu.

Zuhura 20:26
Yote mazuri, ila hilo tope uliloizungushia meli limenishinda. Mwanangu pakeni bluu, walimu wapende. Maji rangi ya chai ya maziwa yanauza nini?

Sele 20:27
Shangazi, Rufiji ndivyo ilivyo.

Zuhura 20:27
Bluu.

Zuhura 20:44
Na tusisahau jahazi la mwaka juzi. Kuna mtu alilikalia. Simtaji.

Zuhura 20:45
Shemeji Hamisi, wewe una gari.

*Alhamisi*

Hamisi 06:12
Habari za asubuhi. Huko Mbagala maji yanatoka? Huku yamekatika tangu Jumatatu.

Rehema 06:15
Yalitoka jana usiku, kidogo sana. Kinga mapema mjomba.

Idrisa 06:30
Kwetu yanatoka rangi ya Rufiji 😂😂

Zuhura 06:31
JAMANI. GARI.

Hamisi 12:48
Jahazi lilikuwa juu ya kiti. Kiti ni cha kukalia.

Idrisa 13:02
Mimi natuma elfu 10 ya kioo nikishajua zilizobaki kwenye mabati zilienda wapi.

Zuhura 13:03
Nilileta risiti!! Mbele ya watu wote, Idi Mosi!

Idrisa 13:04
Ya misumari dada. Misumari tuliiona.

Mama Sele 13:30
Tusifike huko jamani, Babu yumo humu.

Babu 20:09
🎤 Ujumbe wa sauti (2:41)

Idrisa 20:15
Bando limeniishia. Rehema uko naye hapo, tuandikie.

Rehema 20:33
Babu anasema hivi. Meli imekaa hapa sebuleni siku tatu ameiangalia. Mikoko ni yenyewe, mizizi iko juu kama inavyotakiwa. Maji ni hayohayo, msimguse mtoto na bluu yenu. Lakini juu ya deki amehesabu watu sita, wote Wazungu, na nchi kavu hakuna hata mtu mmoja. Anauliza: ile meli ilipoharibika boila, vyuma vililetwa Dar kutengenezwa. Vililetwa na nani? Gari hakuna, barabara hakuna. Watu walifungwa kamba wakaburuta, kwenda na kurudi. Babu yake yeye alikuwa kwenye kamba hiyo. Bega lake la kulia lilibaki limeshuka mpaka siku anazikwa, na shati lake lilikuwa linashonwa mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Rehema 20:34
Amesema basi. Amekwenda kulala.

Sele 21:22
Nisameheni. Kwenye michoro niliyokuwa nafuata hawapo, na mimi sikufikiria. Kwa kipimo hiki mtu anatoka milimita 7, kama punje ya mchele. Naweza kuwakata. Niweke wangapi?

Idrisa 21:24
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Zuhura 21:24
Nimeuona.

Idrisa 21:26
Samahani Baba.

*Ijumaa*

Babu 05:18
Mpaka nafasi iishe

Sele 06:40
Sawa Babu. Itabidi niongeze ubao upande wa nchi kavu, kama sentimita 20, kamba ikae yote.

Zuhura 06:52
Ubao ukiongezeka na kioo kinaongezeka. Nimempigia fundi, sasa anasema 60,000 na anataka nusu kabla ya saa 6 mchana. Mpaka sasa mkononi nina 15,000, na ni zangu mwenyewe.

Mama Sele 09:15
Nimetuma 10, wifi.

Zuhura 09:16
Hukuweka ya kutolea.

Idrisa 11:47
Nimetuma 10. Mabati tutaongea siku nyingine.

Zuhura 11:49
Tutaongea na risiti nitaleta tena.

Hamisi 18:20
Gari liko kwa fundi tangu juzi. Akinirudishia leo nitakuwa hapo saa 12 asubuhi.

Zuhura 18:21
Asipokurudishia?

Zuhura 18:58
Shemeji?

Zuhura 19:40
Rehema muulize yule kijana wa bajaji anataka ngapi mpaka Upanga, mwambie taratibu, na hakuna abiria mwingine. Mtoto atapakata mwenyewe.

Rehema 20:11
Hapokei simu. Shangazi, kioo je?

Zuhura 20:12
Fundi kapokea nusu, sasa na yeye hapokei.

Sele 23:36
Nimefika watu 31. Kibanio kimeganda hakifunguki. Nani ana kingine?

Rehema 23:37
Usiguse mkoba wangu.