Nimerithi michoro ya mabehewa ya mizigo, nisaidieni nisiiharibu

MjukuuWaReli: Wakuu, habari za jioni. Babu yangu alikuwa mchoraji kwenye karakana ya reli tangu enzi za East African Railways. Juzi tunahamisha vitu vyake Keko tukakuta sanduku la bati limejaa michoro ya mabehewa ya mizigo, imeviringishwa. Mingine ni ya bluu yenye mistari myeupe, mingine ina mistari ya zambarau, michache ipo juu ya kitambaa. Mende wameshaanza kula kingo. Duka moja la printi wanasema niwape wailaminishe yote. Mdogo wangu naye anataka kutengeneza modeli ya behewa. Nianzie wapi?

KabatiLaChuma: Pole na msiba, mkuu. USILAMINISHE! Plastiki ikishapikwa juu ya karatasi haitoki tena. Selotepu pia usiiguse.

Tenganisha kwanza. Ile ya bluu adui zake ni jua na alkali, kwa hiyo hata karatasi za kutunzia nyaraka zilizotiwa chokaa haziifai. Ikififia kwa mwanga, gizani rangi hurudi kiasi. Ya zambarau ni kopi za amonia (zilizotolewa kwa mvuke wa amonia), zinatoa kemikali zinazochafua jirani zake, zipe bahasha yao. Kile kitambaa kimepakwa wanga (mende wamefuata huo), tone la maji tu linaacha doa. Vumbi toa kwa brashi laini, kavu.

Kukunjua usilazimishe. Kidogo kidogo, vitabu pembeni. Halafu piga picha kivulini kutoka juu kabisa, rula ikiwa kando, na faili ulipe namba ya mchoro iliyo kwenye kona.

ChiziWaGerezani: Uza mkuu, wazungu wanatafuta sana hizo 😂

KabatiLaChuma: @ChiziWaGerezani taratibu. Kama ina muhuri wa shirika huenda ni nyaraka za umma. Apite Kumbukumbu za Taifa pale Upanga aulize kwanza.

FutiNaInchi: Kwa modeli, dogo asipime mchoro kwa rula! Karatasi inasinyaa na kutanuka, na fotokopi ndiyo inaharibu kabisa. Afuate vipimo vilivyoandikwa. Atafute upana wa njia (nafasi kati ya reli mbili): futi 3 inchi 3 na 3/8 ndiyo mita moja, yaani Reli ya Kati ya zamani. Akikuta futi 3 na inchi 6, hiyo ni milimita 1067, kipimo cha TAZARA. Kwa modeli ya 1:87 (ndogo mara 87 kuliko behewa halisi) mita moja inakuwa milimita 11.5 hivi, kwa hiyo reli za modeli za milimita 12 zinamtosha.

MjukuuWaReli: Mrejesho: nimekunjua mmoja wa bluu, behewa lililofunikwa. Futi 3 inchi 3 na 3/8, na herufi za jina la babu zipo konani! Jumatatu naenda Upanga. Dogo ameshaanza kukata maboksi ya sabuni, nimemnyang'anya mchoro nikampa picha.

FutiNaInchi: Hapo sawa. Tuletee picha ya magurudumu, nina hamu nayo.