Kikundi cha timu ya mtaa, Chikongola, Mtwara: mfumo wa Jumapili

Nahodha: Habari za jioni wote. Jumapili ni wenzetu wa Magomeni, uwanja wa shule. Wao 3-5-2 hawaiachi, mabeki watatu, viungo watano, washambuliaji wawili. Sisi tunashuka na nini? Vijana wengi wanataka 4-3-3.

Mjomba: 4-3-3 kwa uwanja ule, hapana.

Namba Saba: Shikamoo Mjomba. Mawinga tunao, na kasi wanayo. Shida iko wapi?

Mjomba: Marahaba mwanangu. Upana wa pale ni mita 50 tu. Sheria inaanzia 45, kwa hiyo ni halali, ila mwembamba. Ukipokea mpira kwenye chaki ya pembeni, beki wao yuko mgongoni kwako na sentahafu, beki wa kati, yuko hatua nne ndani. Utakimbilia wapi? Ingekuwa uwanja wa Nangwanda Sijaona ningekupa winga bila kubisha.

Kocha: Mjomba kamaliza. Halafu tuangalie watu kwanza, mfumo baadaye. Namba sita wa kweli, kiungo mkabaji, tunaye mmoja. Namba nane, kiungo wa kati, yuko Newala anapulizia korosho, anaingia Jumamosi usiku. Nampa dakika 30 za mwisho, si zaidi, miguu itakuwa mizito.

Mama Kipa: Basi 4-4-2 ya kawaida, kocha?

Kocha: Ina tundu mama. Katikati tutakuwa wawili, wao watatu. Kila mara mmoja wao atabaki huru, atageuka na kuitazama safu yetu ya nyuma. Ninachotaka ni 4-4-2 ya almasi. Sita chini, viungo wawili kulia na kushoto ila waingie ndani, kumi, kiungo mshambuliaji, juu, mbele wawili. Hapo katikati tuko wanne.

Beki Tatu: Na pembeni je? Mabeki wao wa pembeni wanapanda wote wawili. Nitabaki peke yangu.

Kocha: Swali zuri, na almasi ndipo inapofia. Fuateni hivi. Mpira ukiwa kulia kwao, yaani upande wako wa kushoto, kiungo wetu wa kushoto ndiye anatoka kwanza kumkabili mwenye mpira. Wewe utoke pale tu yeye akichelewa au akipitwa. Ukitoka, namba tano, sentahafu wa upande wako, asikufuate! Akikufuata, washambuliaji wao wawili wanabaki na namba nne, sentahafu mwenzake, peke yake. Sita anashuka kuziba nafasi uliyoacha, na namba mbili, beki wa kulia, anaingia ndani kabisa, awe sentahafu wa tatu. Upande wa pili uachwe wazi, ndiyo. Mpira wa kuuhamisha hadi kule unakaa hewani, na uwanja mwembamba unatupa muda wa kufika.

Mjomba: Na umbali kati ya safu na safu usizidi mita 12. Zikiachana, almasi inakuwa watu wanne waliotawanyika.

Namba Saba: Kwa hiyo mimi nakaa benchi?

Kocha: Hapana, unacheza mbele pamoja na tisa, mshambuliaji wa kati. Mabeki wao wa pembeni wakipanda, nyuma yao kuna uwazi, na mabeki watatu hawawezi kuuziba wote. Tukinyang'anya mpira, pasi ya kwanza iende huko, nawe uwe umeshaanza kukimbia. Pasi inapopigwa uwe bado upande wako wa uwanja, huwezi kuotea. Tisa abaki katikati, amzuie sentahafu wa kati asitoke kukufuata.

Mama Kipa: Upepo wa kusi msiusahau. Mwezi huu jioni unavuma kweli.

Nahodha: Nikishinda sarafu nachagua goli, tuanze na upepo mgongoni?

Mjomba: Ndiyo. Kipindi cha pili huwa unapungua jua likishuka, ila usiutegemee. Mkiwa nao, msipige mirefu, itatoka nje tu. Pigeni mashuti ya chini kutoka mita 20, kipa wao ahangaike na mpira unaodunda kwenye mchanga. Mkiwa dhidi yake, mabeki warudi mita tano au sita, maana mipira yao itapita vichwani, na kipa asogee mbele asafishe.

Mama Kipa: Na kipa asipige mirefu akiwa dhidi ya upepo. Goli kiki amwanzishie namba nne humohumo ndani ya boksi, sheria inaruhusu.

Kocha: Sawa kabisa, ila pasi iwe na nguvu. Ule mchanga unaua pasi laini, mpira unasimama nusu ya njia na mtu wao anaufikia kwanza.

Beki Tatu: Mimi natumia mguu wa kulia. Nikibanwa nageukia ndani, wanajua.

Kocha: Ndiyo maana namba tano ni yule wa mguu wa kushoto. Ukibanwa usigeuke, mrudishie yeye kwa mguso wa kwanza, ataufungua. Kona za kukaba: watatu kwenye mstari wa boksi dogo, mmoja nguzo ya karibu, wanne mtu kwa mtu, kumi nje ya boksi kwa mpira wa pili, saba abaki juu.

Nahodha: Mazoezi lini?

Kocha: Alhamisi saa 10 jioni. Nusu uwanja, wanane kwa saba, mabeki wanne, sita na viungo wawili ndio hao saba. Kila mpira ukienda pembeni nasimamisha, tunakagua nani katoka na nani kaingia. Meneja, leta vizibao nane vya rangi moja na pampu, ule mpira mpya unapoteza upepo.

Meneja: Vizibao vipo sita. Viwili naazima kesho.