Mama ana miaka 70, majina yanamponyoka: ni umri tu au nianze kuogopa?

NyarKano
Hamjambo wanajamvi. Mimi niko Nakuru kikazi, mama yuko Kisumu, anauza omena soko la Kibuye tangu sijazaliwa. Siku hizi akitaka kuniita anaanza na majina ya dada zangu wote ndipo afike kwangu. Mteja wa miaka mingi anasimama mbele yake, jina halipatikani, halafu jioni tukiongea kwa simu linamjia lenyewe. Saa mbili usiku kashalala, saa tisa yuko macho. Harusi alizokuwa akizichangamkia, sasa ni "nendeni nyinyi". Lakini mpe gorogoro mkononi uone: nani anadaiwa ngapi, tangu lini, yote kichwani bila daftari. Kaka yetu mkubwa anataka aache soko, na ameagiza vidonge vya "kuongeza dopamini", ile kemikali ya ubongo, kwa jamaa wa mtandaoni, bei ya gunia zima la omena. Nishaurini.

Nabongo_Mumias
Dopamini ya kumeza haifiki ubongoni. Kuna kizuizi kati ya damu na ubongo, hakiipitishi. Ndiyo maana wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, hupewa levodopa, ambayo hupita kisha ikageuzwa dopamini huko huko ndani, na hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Huyo jamaa anauza nini hasa?

MuuguziMstaafu
Mwanangu, mengi uliyoeleza ni umri. Dopamini huanza kupungua tangu ujanani, kama asilimia 10 kila miaka kumi, kwa hiyo hata wewe imeshaanza. Ndiyo inayompa mtu hamu na wepesi wa kufikiri. Ikishuka, mtu anajibu polepole na mapya hayamsisimui sana. Asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo, ya kumbukumbu na umakini, nayo hudhoofika kiasi. Melatonini, homoni ya usingizi, hupungua na saa ya mwili husogea mapema. Ila msamiati na ujuzi wa kazi aliyoifanya maisha yake yote hukaa, ndiyo maana madeni hayamponyoki.

Ningeshtuka kama angepotea njia ya kutoka Kibuye hadi nyumbani, au aulize swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja, au chenji imchanganye. Hilo la harusi usilipuuze: unyogovu kwa wazee huja hivyo, bila machozi.

Anameza dawa gani? Taja zote, hata za dukani.

NyarKano
Metformini ya sukari, miaka mingi sasa. Na Piriton kila usiku. Anasema ni ya mafua, lakini nadhani anatafuta usingizi.

MuuguziMstaafu
Hapo sasa! Dawa iliyomo kwenye Piriton, klorofeniramini, huizuia asetilikolini isifanye kazi. Kijana ataona usingizi tu. Mtu wa miaka 70, ambaye hiyo asetilikolini imeshapungua, anaweza kushinda kutwa akili ina ukungu. Madaktari wa wazee Marekani wana orodha ya dawa za kuepukwa kwa waliofika 65, inaitwa Beers, na hiyo imo.

Metformini asiiache kamwe kwa kujiamulia. Ila ikitumika miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, na upungufu wake huleta usahaulifu na ganzi miguuni. Mpelekeni Russia, ile hospitali kuu ya Kisumu, au hospitali yoyote ya karibu apimwe B12, tezi ya thairoidi, presha na sukari. Masikio pia. Jina ambalo hukulisikia vizuri utalikumbukaje?

BabaOscar
Mimi naunga mkono kaka. Miaka 70 kwenye jua la Kisumu ni mateso. Watoto mko wapi?

MzeeWaDrafti
Apumzike aende wapi, BabaOscar? Mimi nina 73, niko hapa Lanet, na najua kochi linamfanya nini mzee. Mwaka 2011 Marekani walichapisha utafiti wa wazee 120. Waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, hipokampasi zao, ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, zilikua kama asilimia 2. Waliokuwa wakinyoosha viungo tu, zao zikazidi kusinyaa. Huyo mama anatembea, anahesabu, anabishana bei na watu tangu asubuhi. Mtafutieni kijana wa mkokoteni wa kubeba magunia, basi. Soko mwachieni.

NyarKano
Asanteni sana. Vidonge vimeshafika, kaka anataka kuvirudisha, jamaa hashiki simu. Mama nimempigia kuhusu Piriton, kaniuliza, "Na sasa nitalala na nini?" Mama muuguzi, nimjibu vipi?

MuuguziMstaafu
Piga hesabu naye, si anazipenda. Saa mbili usiku hadi saa tisa ni saa saba. Usingizi anaupata wa kutosha, tatizo anauanza mapema. Asogeze kulala polepole hadi saa nne, asisinzie kibandani mchana, na chai ya rangi ya jioni aiache. Akiendelea kukosa usingizi baada ya hapo, amwambie daktari siku ile ile ya vipimo, na vidonge vyote anavyomeza avibebe kwenye mfuko, pamoja na hivyo vya kaka yako.