Naomba ushauri: lawama za wakongwe kwa filamu za mashujaa tuzipimeje?

Wakuu, naombeni ushauri. Oktoba 2019 Martin Scorsese, mwongozaji mkongwe wa filamu wa Marekani, aliliambia jarida la Empire kuwa filamu za Marvel, yaani za mashujaa, si sinema, akazifananisha na viwanja vya burudani. Mwongozaji mwenzake Francis Ford Coppola akakoleza lawama hizo. Mwezi uliofuata Scorsese akafafanua kwenye gazeti la New York Times.

Naona watu wanachanganya hoja mbili. Ya kwanza ni ladha, na hapo ushahidi wa Scorsese ni mwembamba, kwani alikiri kuwa alijaribu kuzitazama zikamshinda. Ya pili ni nafasi kwenye kumbi, yaani filamu hizo kuzibana nyingine, na hiyo ndiyo nzito. Avengers: Endgame, filamu ya Marvel, ilifunguliwa Aprili 2019 katika majumba zaidi ya 4,600 ya Marekani na Kanada. Ila idadi hiyo ni ya majumba, si ya skrini. Jumba lenye skrini nyingi huweza kuipa filamu moja skrini kadhaa kwa siku, na filamu ndogo ikabaki na saa mbovu. Ukisoma idadi ya majumba peke yake, utadhani tatizo halipo.

Sasa, ninyi mnapima kwa skrini, kwa idadi ya maonyesho, au kwa wiki ambazo filamu ndogo inadumu ukumbini? Na maslahi ya msemaji, ambaye naye ni mtengeneza filamu, mnayapa uzito gani?