Kipimo cha damu cha saratani ya matiti: auziwe hata asiye na dalili?

Mwanamaabara: Wadau, maabara zinatangaza vifurushi vya "uchunguzi wa saratani" vyenye CA 15-3 na CEA, yaani vipimo vya protini za kwenye damu ambazo saratani inaweza kuzipandisha. Mtu hana uvimbe wala maumivu, anatolewa damu na kulipishwa. Miongozo ya madaktari wa saratani inasema protini hizi zitumike kumfuatilia mgonjwa ambaye ugonjwa umeshasambaa, kuona kama dawa inamkubali, si kumtafuta mgonjwa mpya. Je, zipigwe marufuku kuuzwa hivyo?

Siti: Marufuku ya nini? Mamogramu, ile eksirei ya matiti, inakubana titi mpaka machozi yanakutoka, damu ni sindano moja tu. Na ninyi wanaume mnaojifanya kutuamulia habari za matiti, tuachieni wenyewe. Hayawahusu.

Jongoo: Hayatuhusu? Dada Siti, katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, kama mmoja hivi ni mwanamume.

Siti: Mmoja katika mia, na bado anataka kiti cha mbele.

Jongoo: Huyo mmoja alikuwa mjomba wangu. Donge chini ya chuchu, gumu kama kokwa, akalikalia akidhani ni jipu, maana kila mtu alimwambia huo ni ugonjwa wa wanawake. Alipokwenda hospitali lilikuwa limeshafika kwapani. Cheka sasa.

Mwanamaabara: Pole sana kaka. Nirudi kwenye swali: saratani ikiwa changa, CA 15-3 mara nyingi inasoma kawaida kabisa. Ini likiwa na shida, inapanda bila saratani yoyote.

HesabuKali: Pigeni hesabu. Tuseme wanawake 1,000, wagonjwa ni 5, na kipimo kinawasingizia 10 katika kila wazima 100. Karibu watu 100 wanaambiwa wana saratani ambayo hawana. Na hao 5 wenyewe huna hakika umewanasa.

Siti: Kukosa usingizi hakujaua mtu.

Mzee Baraka: Mbona PSA, kipimo cha damu cha saratani ya tezi dume, ilianza hivyo hivyo? Marekani waliiruhusu 1986 kwa kufuatilia wagonjwa, mwaka 1994 wakairuhusu kutafutia ugonjwa. Hapo hakuna aliyepiga kelele.

HesabuKali: Zilipigwa, Mzee wangu, tena nyingi. Richard Ablin, mmoja wa watafiti wa mwanzo wa PSA, mwaka 2010 aliulaani hadharani upimaji huo wa watu wote. Na CA 125, kipimo cha damu cha saratani ya ovari, Uingereza waliijaribu katika utafiti wa wanawake zaidi ya 200,000. Majibu ya 2021: baadhi ya saratani zilionekana mapema, vifo havikupungua.

Jongoo: Tumefika tezi dume na Siti hajanijibu. Au hiyo nayo tuachiwe wenyewe?

Siti: Mungu amrehemu mjomba wako, sikumlenga yeye. Ila hebu niambie, kipimo cha damu si kingemwokoa? Sasa unakipingia nini?

Jongoo: Nani kasema napinga? Soma vizuri. Nimekataa lile neno "hayawahusu".

Mwanamaabara: Dada, mjomba donge lake lilikuwa linashikika. Alihitaji mkono wa daktari na kinyama kikapimwe. Damu ingesoma vizuri angelikalia donge lake muda mrefu zaidi.

Siti: Mmeanza na damu, sasa mko kwenye donge. Mnahamahama sana nyie.