Wakuu naombeni ushauri, kutua kunanishinda na instrakta ananipokonya usukani kila mara

Kipanga_Mdogo:
Habari za jioni wakuu. Mimi Mtanzania niko Nairobi nasomea PPL (leseni ya rubani binafsi), tunarukia uwanja wa ndege wa Wilson na Cessna 172, kale kandege kadogo ka injini moja. Kupaa sina shida, kona sawa, hata kuongea na mnara nimezoea, kimbembe ni kutua. Nikikaribia ranwei naona ardhi inakuja mbio, navuta usukani, ndege inanyanyuka tena inaelea, na kabla sijafanya lolote instrakta ashauchukua katua yeye, halafu mpaka tunapaki ni kufokewa tu. Wenzangu washapewa solo, yaani kurusha peke yao bila instrakta. Kila saa hewani ni hela na anayelipa ni mzee. Nibadili instrakta au niachane na hii kitu?

MamaAnga:
Pole mdogo wangu. Ukitua macho yako yako wapi? Ukikodolea pale mbele ya pua lazima ardhi ikukimbilie. Ukishavuka mwanzo wa ranwei peleka macho kule mwisho kabisa, utaona mwenyewe ndege inavyoshuka na utajua saa ya kuvuta, tena unavuta taratibu.

Dereva_wa_Boda:
Mi hata boda ikipita tuta nafumba macho. Endeleeni 😂

Noti65:
Hamjamwambia kuhusu Wilson yenyewe. Uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo saa ya mwendo (kipimo cha kasi pale mbele yako) ikisoma noti 65, yaani maili 65 za baharini kwa saa, kiukweli unakata hewa kwa zaidi ya 70, na jua la mchana likiwaka ndo inazidi. Hujarogwa, ardhi kweli inakuja mbio kuliko ungekuwa Mombasa. Hatari ni pale unapopunguza mwendo kwa kuogopa ardhi wakati bawa linataka noti zilezile za kwenye saa ili libebe ndege. Amini saa ya mwendo. Na omba ratiba ya asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia.

Mzee_wa_Flapu:
Nimefundisha miaka mingi, niseme upande wetu. Mwalimu akiwahi kushika usukani kila safari, mwanafunzi hajifunzi kutua, anajifunza kusubiri kuokolewa. Kosa dogo unamwacha alione mpaka mwisho, unashika pale tu panapokuwa hatari, na kelele za hewani hazifundishi, mnakaa chini baadaye mnaongea. Ila na wewe ukielea juu usisukume pua chini, hapo ndo gurudumu la mbele linavunjwa. Tia pawa yote ya injini, paa tena, zunguka uje tena, hakuna aibu. Mwombe mfanye zoezi hili: mnapita juu ya ranwei chini chini, pawa kidogo, bila kutua, wewe kazi yako ni kuiweka sawa katikati tu. Utazoea kuona ardhi ikiwa karibu.

Kipanga_Mdogo:
Asante mzee wangu, hilo zoezi sijawahi kufanyishwa kabisa. Na solo ya wenzangu?

Mzee_wa_Flapu:
Achana nayo. Saa 40 za PPL ni kima cha chini, wengi wanavuka. Ongea naye kwanza mkiwa ofisini, akikataa nenda kwa mkuu wa wakufunzi uombe mwingine akupime safari moja, ni kawaida sana hiyo.

MamaAnga:
Na ada umelipa yote au kidogo kidogo? Kama yote, soma masharti ya kurudishiwa kabla hujamkorofisha mtu.