Naomba ushauri: mbwa wetu anaogopa maji yakinguruma

Habarini wakuu. Mimi na mke wangu tunaishi kwenye boti nyembamba ya mferejini hapa Uingereza. Upana ni mita 2 na kidogo tu, mmoja akipita mwingine anajibanza. Hatuna maegesho ya kudumu, kwa hiyo kila baada ya siku 14 lazima tuhame.

Shida ni Chui, mbwa jike tuliyemchukua miezi 3 iliyopita. Boti ikitulia hana neno, analala mbele ya jiko la kuni kama mwali. Ila tukiingia kwenye vile vyumba vya maji vya kupandishia boti (locks), vinavyofungwa milango kisha vikajazwa maji, maji yakianza kunguruma anachanganyikiwa. Juzi tukisubiri zamu alitumbukia. Bahati alivaa jaketi lenye mshikio mgongoni, nikamnyanyua kama kikapu.

Kumfungia ndani nimejaribu, akakwaruza mlango hadi rangi ikatoka. Mke wangu anataka atembee naye kando ya mfereji. Sawa, lakini ile milango mizito ya vyumba vya maji nani atanisaidia kuisukuma?

Mwezi ujao tunapanda Hatton, kwenye mfereji wa Grand Union: vyumba 21 mfululizo! Aliyewahi kumzoesha mbwa mwoga kelele za namna hii, alianzia wapi?